Adabu za Kuishi Pamoja: Nasaha kwa Vijana wa Matuga

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba mataifa na makabila ili tujuane. Ama baada ya hayo, nasaha hizi nawaandikia nyinyi vijana wa Matuga, hapa Kwale, Pwani ya Kenya: wewe uliyezaliwa Waa, Tiwi au Golini katika nyumba ya Wadigo, wewe Mduruma, na wewe uliyezaliwa Lukore, Majimboni au Mangawani katika nyumba inayosema Kikamba. Mmekaa dawati moja shuleni, mnashuka matatu pale pale Kombani, na mvua ikikataa inawakatalia nyote. Hata hivyo, kila mkiwa peke yenu nawasikia mkisema “sisi” na “wao”.

Neno langu kwenu ni moja. Mahali huwa pa mtu kwa yale anayowatendea waliomo, na deni hilo liko juu ya aliyekuja kama lilivyo juu ya aliyekutwa. Yaliyobaki ni ufafanuzi.

Nasaha ya kwanza: jueni mlivyokutana

Watu wasiojua walivyokutana huishi kwa uvumi. Wakamba hawakuanza kuijua Pwani jana. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa, na Wamijikenda, ambao Wadigo na Waduruma ni miongoni mwao, walifanya nao biashara. Uhamiaji wa Shimba Hills, huko Lukore na Majimboni, ulikuja baadaye, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipofungua mpango wa makazi vilimani na kuleta wakulima kutoka Ukambani, ambako watu walikuwa wamebanana na ardhi imechoka. Wakagawiwa mashamba yaliyopimwa. Wadigo nao walikuwa na ardhi kwa mila, kwa minazi na mikorosho iliyopandwa na babu zao, bila karatasi yoyote.

Chanzo cha uchungu ni hapo. Mmoja ana hati aliyopewa, mwingine ana makaburi ya wazee na hana hati. Malalamiko ya Mdigo juu ya ardhi ni ya kweli, na yapelekwe kwa serikali na Tume ya Taifa ya Ardhi mpaka yasikilizwe. Lakini kijana Mkamba aliyezaliwa Lukore hakuichora ramani ile. Usimdai deni la mkoloni. Na wewe kijana wa Lukore, usimwambie mwenzako kwamba uchungu wake ni wivu. Msikilize, kwa kuwa anazungumzia babu yake.

Wala msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Mwaka 1964 Uholanzi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuajiri wafanyakazi. Wanaume wakaondoka vijijini kwao kwenda viwandani Ulaya, na pande zote mbili zikadhani watarudi baada ya miaka michache. Wengi hawakurudi. Wakawaleta wake zao, wakazaa na kujukuu, na leo watu wenye asili ya Uturuki nchini humo ni zaidi ya laki nne. Mjukuu aliyezaliwa Rotterdam, ambaye Kiholanzi ndicho alichosomea na kuchezea, bado huulizwa kwao ni wapi. Akienda Uturuki likizoni, huko nako huonekana mgeni. Watoto wa Shimba Hills wanalijua jambo hilo: Machakos kule Ukambani wanaitwa watu wa Pwani, na Kwale wanaitwa watu wa bara.

Nasaha ya pili: salamu kwanza, haja baadaye

Huku kwetu mtu hupewa salamu kabla ya shida kutajwa. Mzee hupewa shikamoo, akaulizwa hali, watoto, shamba na waliolala hospitali. Wewe uliyezoea kuingia moja kwa moja kwenye shauri, tulia kidogo. Piga hodi, ngoja uitikiwe karibu, vua viatu mlangoni. Ukimkuta mwanamke Mwislamu hakukupa mkono, weka wako kifuani umsalimu, hajakudharau. Nawe Mdigo, jirani akipitisha salamu fupi usiifanye kesi. Mfundishe kwa kumsalimu vizuri zaidi, ukijifunza na salamu mbili tatu za Kikamba, maana mzee wa Kikamba naye hufurahi kijana akimwamkia kwa lugha yake.

Nasaha ya tatu: uani na mpakani

Magomvi mengi ya ujirani hayaanzi na dini wala kabila. Huanza na mnyama, mti au sauti.

Mkamba hufuga mbwa wa kulinda boma, na huko msituni ana haki ya kuogopa ndovu na wezi. Lakini jua kwamba jirani yako Mwislamu, kwa mafundisho ya Imamu Shafi yanayofuatwa Pwani, mate ya mbwa yakimgusa humlazimu kuosha nguo au chombo mara saba, moja kwa udongo. Mfunge mbwa saa za watu kupita kwenda msikitini. Ukifuga nguruwe, banda liwe mbali na kisima na mpaka. Jirani naye asimpige mawe mbwa aliyefungwa uani kwa mwenyewe.

Minazi ina adabu yake. Kwa mila ya Pwani mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Ukinunua shamba, uliza miti ni ya nani kabla hujashika shoka, na makaburi yako wapi kabla hujashika jembe. Hati haikuambii hayo. Wazee ndio watakuambia.

Kaya nazo, misitu mitukufu ya wazee, usiziingilie kwa kutafuta kuni wala nguzo. Mtalii anayetembelea Kaya Kinondo kule Diani hufungwa shuka nyeusi kabla ya kuingia, na hufuata masharti ya wazee. Ikiwa mtu aliyekuja kwa saa moja hutakiwa adabu hiyo, sembuse wewe uliyeishi kando ya msitu maisha yako yote.

Na sauti: kesha la kanisani na maulidi ya msikitini vyote ni ibada, lakini mtoto mgonjwa wa nyumba ya pili hana dini ya kelele. Mwenye shughuli apite kwa majirani mapema kuwaarifu, na vipaza sauti vielekezwe ndani.

Nasaha ya nne: mezani

Ukimwalika Mwislamu kwenye karamu, mwite yeye au Mwislamu mwingine achinje mbuzi. Jambo hilo halikugharimu kitu, na linamfanya ale kwa amani. Tenga sufuria ambayo haijapikiwa nguruwe. Mwezi wa Ramadhani, mchana usile mbele ya aliyefunga ukimtazama machoni. Jioni hutakosa sahani ya futari ikivuka ua kuja kwako, nayo usiirudishe tupu.

Nawe Mwislamu, ukishaambiwa kwamba aliyechinja ni Mwislamu na sufuria ni safi, kula. Usimhoji mwenyeji wako mbele ya wageni kama askari kizuizini. Onja muthokoi yake kama yeye anavyoonja samaki wako wa nazi. Ukiletewa pombe, kataa kwa upole bila kumhubiria mtu nyumbani kwake.

Nasaha ya tano: mkioana

Vijana wa makabila haya wanaoana, na wataendelea kuoana. Kinachowaharibia ni kudhani kwamba desturi ya kwako ndiyo desturi ya kila mtu. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo hupelekwa kwa wazazi wa msichana, na bila mbuzi hao wazee husema hakuna ndoa. Kwa Mwislamu, nikaha husomwa na mahari huwa ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Kijana wa Kidigo hulipa mahari akaona amemaliza, kumbe kule Majimboni wazee wamekaa miaka wakingoja mbuzi na wanamwita mwizi wa binti.

Na kijana wa Kikamba anayeposa kwa Wadigo asizungumze na baba tu. Ukoo wa Kidigo tangu zamani umepita kwa mama, na mjomba ana neno lake. Ukimruka mjomba umeruka nyumba nzima. Suala la dini lizungumzwe mapema na kwa ukweli: nani atabadili, nani hatabadili, watoto watalelewaje. Aibu ya kuuliza kabla ya arusi ni ndogo kuliko machozi ya baadaye.

Nasaha ya sita: msibani

Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu msiba ndio unaotambulisha jirani wa kweli.

Mwislamu huzikwa haraka, aghalabu siku ile ile. Ukisikia tangazo msikitini asubuhi, usiseme utakwenda Jumamosi. Adhuhuri atakuwa kaburini. Acha jembe, vaa nguo ya heshima, mama ajitande leso, nenda. Hutadaiwa kusali. Unaweza kuchimba kaburi, kubeba maji, kupanga viti, kukaa kimya na wafiwa. Hayo hukumbukwa.

Mkristo wa Kikamba akifa huweza kukaa mochari wiki moja au mbili, jamaa wakisubiriwa na gharama zikichangwa. Kila jioni kuna mkutano wa matanga. Mwislamu asiyeelewa husema, “Wanamtesa maiti.” Usiseme hivyo. Nenda jioni moja, toa mchango wako, uliza kinachopungua. Siku ya maziko hakuna atakayekulazimisha kuimba. Simama na jirani yako, shika koleo.

Tena tazameni wanakozika. Mtu anayetaka mifupa ya mama yake ilale Lukore hayupo safarini, na ninayemwona akimzika mama yake katika udongo wa Matuga siwezi tena kumwuliza atarudi lini kwao.

Nasaha ya saba: ulimi, hasa mwaka wa kura

Mliozaliwa baada ya 1997 hamkuyaona, basi sikieni. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua silaha, kisha wakawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika machafuko yale, na wapatao laki moja waliyakimbia makazi yao. Kaya Bombo, msitu mtukufu uliopo hapa hapa Matuga, ulifanywa maficho na mahali pa kulishana viapo. Baadaye vyombo vya usalama vilifanya misako, na vijana wengi wa Kidigo wasio na hatia walikamatwa na kupigwa. Kila upande ulilia.

Tume ya Jaji Akiwumi na wachunguzi wa haki za binadamu waliitazama mikono ya wanasiasa katika jambo lile. Ukosefu wa kazi na kilio cha ardhi vilikuwapo kweli. Waliovitumia walikuwa wakitafuta kura. Waliozika ni majirani.

Basi mtu akisimama jukwaani na kuwahesabu majirani zako kwa makabila, usimpigie makofi hata kama ni wa ukoo wako. Ujumbe wa chuki ukiingia kwenye kundi la simu, usiupitishe mbele, hata kwa kuonya. Na ukisikia nyumba fulani inatajwa, mwambie chifu na mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Asiyesema anaposikia jina la jirani yake ameshiriki.

Nasaha ya nane: kumtambua mtu kuwa wa hapa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa tazama hukumu iliyomo: ukishampa mtu jembe akalima, ugeni wake umekwisha. Watu walioshika jembe kwa vizazi vitatu ni wageni kwa hesabu gani?

Kusini mwetu, Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale walikaa miongo mingi bila vitambulisho. Watoto wao walizaliwa Kenya, nao hawakuweza kupiga kura wala kufungua akaunti benki. Oktoba 2016, wakiwa pamoja na watetezi wa haki, walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Vitambulisho vikaanza kutolewa, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa Kenya nao wakatambuliwa. Serikali iliweza kuchelewa hivyo kwa sababu sisi majirani tulizoea kuwaona wakinyimwa.

Wewe mwenyeji, kutambua kuanze kwako. Mpe jirani nafasi barazani, mweke katika kamati ya maji na ya basari kwa kazi yake, wala usimkumbushe kila anapokosea kwamba ametoka bara. Wewe uliyehamia, au uliyezaliwa na waliohamia, usiishi hapa kama abiria. Jenga hapa, changia darasa la hapa, jua majina ya wazee wa hapa, lilie ukame wa hapa. Anayevuna Matuga na kupeleka kila shilingi kwingine asishangae akiulizwa anarudi lini.

Hitimisho

Nimewausia mengi, na najua hamtayashika yote kwa siku moja. Anzeni na hili: kabla ya Ijumaa au Jumapili ijayo, ingia katika nyumba moja ambayo si ya kabila lako wala dini yako, bila haja yoyote ila kujulia hali. Ukirudi, wafundishe wadogo zako majina ya watu wa nyumba ile. Mtoto anayemjua jirani yake kwa jina si rahisi kutumwa amchomee nyumba.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujirani mwema, atuepushe na ndimi za fitina, na awarehemu wote waliolala katika ardhi ya Matuga, walioikuta na walioijia. Amin.