Lugha ya Mwenyeji na Mamlaka ya Jina

Swali la iwapo kuijua lugha ya watu ni sawa na kuwaheshimu watu hao ni la maadili kabla ya kuwa la isimu, na ni nchi chache zilizolipima kwa muda mrefu kama Ufilipino, taifa la visiwa lenye lugha zaidi ya 100, ambako wageni wamekuwa wakijifunza Kitagalogi, Kisebuano, Kiilokano na lugha nyinginezo tangu karne ya 16. Historia hiyo inafundisha kwamba ujuzi peke yake hautoshi, na kwamba ujuzi huzaa heshima pale tu mgeni anapokiri kuwa wenyeji ndio wenye mamlaka juu ya maneno yao, hususan majina yao, kwa kuwa hakuna neno linaloigusa nafsi ya mtu kama jina lake.

Watawa wa Kihispania walikuwa wanafunzi hodari. Sinodi ya Manila, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa ulioanza mwaka 1582, iliamua kwamba dini ifundishwe kwa lugha za wenyeji, na mwaka 1593 kilichapwa mjini Manila kitabu cha Doctrina Christiana, chenye mafundisho ya msingi ya Ukristo kwa Kihispania na Kitagalogi, huku Kitagalogi kikiandikwa pia kwa baybayin, mwandiko wa asili wa Watagalogi. Mwaka 1610 Mdominikani Francisco Blancas de San José alitoa sarufi ya lugha hiyo, iliyochapwa na Mtagalogi Tomás Pinpin, ambaye mwaka huohuo alitoa kitabu chake mwenyewe cha kuwafundisha wenzake Kihispania. Hata hivyo, katika maandishi hayo ya dini neno Dios lilibaki kwa Kihispania, wala nafasi yake haikupewa Bathala, jina la mungu mkuu wa Watagalogi, kwa hofu kwamba jina hilo lingerudisha imani ya kale. Lugha ilipokewa kama chombo cha kufundishia, lakini wenye lugha hawakuhesabiwa kuwa watu waliokwisha kuwa na la kusema juu ya Mungu.

Ukomo huo unaonekana wazi zaidi katika majina ya watu. Mjesuiti Pedro Chirino, katika kitabu alichochapisha Roma mwaka 1604, alieleza kwamba miongoni mwa Watagalogi mama ndiye aliyempa mtoto jina, mara nyingi kufuatana na hali ya kuzaliwa kwake, hivi kwamba aliyezaliwa kwa uchungu mkali aliweza kuitwa Maliwag, maana yake “mgumu”, na kwamba mzazi naye alipata jina jipya kwa mwanawe, akawa “ama ni” fulani, yaani baba yake fulani. Desturi hii haiwezi kuwa ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako wapo walioitwa Tabu au Shida kwa sababu zizo hizo, na ambako mwanamume hujulikana mtaani kwa jina la Baba Juma hata jirani wakalisahau jina lake la utotoni. Jina la namna hiyo ni kumbukumbu na ni uhusiano kwa pamoja, kwani husimulia mtu alivyoingia duniani na hubadilika kadiri nafasi yake kati ya watu inavyobadilika.

Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Mkuu Narciso Clavería alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina moja la ukoo la kurithiwa, lililochaguliwa katika orodha iliyochapwa, ila kwa familia zilizokwisha kutumia jina lao kwa vizazi vinne. Serikali ililalamika kwamba watu wengi mno walikuwa wamejitwalia majina ya watakatifu yaleyale, jambo lililovuruga hesabu ya watu na ukusanyaji wa kodi. Orodha hiyo ilikuwa na maneno mengi ya lugha za wenyeji, pamoja na majina ya mimea, wanyama na madini, na kurasa zake ziligawanywa mikoani kwa namna ambayo katika mji wa Oas, mkoani Albay, majina ya ukoo hata leo kwa sehemu kubwa huanza kwa herufi R. Hapa ndipo penye kiini cha hoja: maneno ya wenyeji yalijulikana, yakakusanywa na kupangwa kwa alfabeti, kisha yakarudishwa kwa wenyewe kama amri, na mama aliyekuwa na haki ya kumpa mwanawe jina hakuulizwa.

Inaweza kupingwa kwamba bila kamusi na sarufi za watawa hao sehemu kubwa ya Kitagalogi cha kale ingepotea, na kwamba wengi wao waliwapenda kwa dhati watu waliowahudumia. Pingamizi hilo ni la kweli, na shukrani inawastahili. Lakini faida ya kazi haiondoi swali la haki, kwa kuwa mtu anaweza kuhifadhi neno huku akimnyima mwenye neno nafasi ya kujibu.

Kwamba njia nyingine inawezekana kunathibitishwa na Mholanzi Antoon Postma, aliyefika kisiwani Mindoro akiwa padri mmisionari katika miaka ya 1950, akaishi kwa miongo mingi na Wamangyan wa Hanunuo, akajifunza lugha na mwandiko wao, na kukusanya ambahan, mashairi yao ya mistari yenye silabi saba yanayochongwa kwenye mianzi, ambamo wao wenyewe ndio wasemaji. Postma huyohuyo ndiye aliyesoma bamba la shaba lililopatikana Laguna, andiko la mwaka 900, ambalo linawataja Angkatan na nduguye Bukah, watoto wa Namwaran, ili kuwatangaza kuwa wamefutiwa deni la dhahabu wao na wazao wao. Karne tisa na nusu kabla ya amri ya Clavería, visiwani humo jina la mtu liliandikwa ili awekwe huru.

Kwa hiyo mgeni ajifunzaye lugha ya Ufilipino leo hajamaliza wajibu wake anapojua vitenzi. Humlazimu atie po, neno dogo la adabu, anapozungumza na mkubwa, amwite kaka kuya na dada ate, akubali kusahihishwa hata na mtoto, na aitike kwa jina watakalompa wenyeji. Lugha inayojifunzwa bila unyenyekevu huo humwongezea mgeni uwezo juu ya watu, ilhali inayojifunzwa kwa unyenyekevu humweka chini ya deni kwao, na deni hilo ndilo mwanzo wa haki kati ya mgeni na mwenyeji.