Meno ya Bolti na Uaminifu wa Fundi

Wahenga walituusia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Usemi huu twauhusisha na wagonjwa, lakini una maana pia katika karakana.

Tuchukulie lori kuukuu linalobeba pamba na mahindi kati ya Bunda na Musoma, na mara nyingine hukata njia kwenda Butiama. Mlango wa nyuma wa bodi yake umeshikwa na bawaba, na bawaba zimeshikwa na bolti. Tundu la bolti moja limelika hesi, yaani yale meno membamba yanayoing'ata bolti isitoke. Ukiitazama, bolti imekaa mahali pake. Ukiikaza kwa spana, inazunguka bure.

Chanzo chake mara nyingi ni pupa. Malori mengi ya zamani ya Kiingereza yalifungwa kwa bolti za inchi. Bolti ya thumuni tatu za inchi ina unene wa milimita 9.5 hivi, na kwa kawaida hesi 16 katika kila inchi. Bolti ya kawaida ya milimita 10 ina hesi karibu 17. Machoni ni ndugu, lakini mtu akiilazimisha hii katika tundu la ile, nguvu zake mwenyewe ndizo zinazoyakata meno.

Fundi sasa ana njia mbili. Anaweza kuizungushia bolti uzi wa katani, akaigongomea kwa nyundo na kuipaka rangi. Mwenye gari ataondoka akimshukuru. Au anaweza kuitoa, akalipanua tundu kwa keekee mpaka akute chuma kizima, kisha akachonga hesi mpya za bolti nene zaidi. Njia hii ya pili ina ajabu yake: ili kuponya jeraha, fundi hulazimika kwanza kulipanua.

Je, fundi aliyefuata njia ya kwanza amekosa, hata kama mlango hautaanguka kamwe? Wako watakaosema hapana, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Lakini huyo aliyepona ameponywa na bahati, si na fundi. Tena rangi ile imemnyang'anya mwenye gari haki ya kuamua, kwa maana hawezi kujihadhari na asilolijua. Na mtoto anayepita kandoni mwa barabara hakuulizwa kabisa kama yu radhi kuibeba hatari hiyo.

Wengine watatetea umaskini: vipuri ni ghali, na lori lazima litembee. Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, umaskini huweza kuhalalisha kiraka, lakini hauhalalishi uongo. Fundi asiye na keekee anaweza kuufunga mlango kwa mnyororo na kusema wazi: "Hiki ni cha muda, usipakie mzigo mzito mpaka tutakapotengeneza." Huyo ametumia akili yake bila kuuza utu wake. Kinachomtofautisha na mdanganyifu ni neno moja la kweli, nalo halinunuliwi dukani.

Lililo kweli kwa fundi ni kweli kwa taifa. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika tathmini iliyoeleza mafanikio ya nchi pamoja na kasoro zake. Mtu anaweza kukubaliana na sera zake au kuzipinga. Lakini kuzitaja kasoro hadharani ni kulifungua tundu ili chuma kizima kipatikane.

Nasi shuleni tuna bolti zetu. Mwanafunzi anayenakili majibu ya mwenziwe, na mwalimu anayetoa alama zisizostahiliwa, wote wamepaka rangi juu ya meno yaliyolika. Siku ya mzigo itafika, na siku hiyo rangi haitashika kitu.