Fungu la Waliokaa na Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:1–25



Mvua zimekwisha, na nyasi zimeanza kugeuka rangi. Kila mwenyeji wa Tabora anajua kinachofuata. Mrina asali ataingia porini na mwenge wake, mkulima atachoma visiki vya shamba jipya, mfugaji atawasha majani makavu ili yachipue mabichi, mchoma mkaa atapitiwa na usingizi karibu na tanuri lake. Wala hakuna hata mmoja wao anayekusudia kuteketeza nyumba ya mtu. Kisha mwezi wa Septemba, upepo ukivuma, tutasikia mwano. Twataka kusema nanyi juu ya huo mwano kabla haujapigwa, maana mwaka jana ulipigwa na walioitika walikuwa wachache.

Habari ya Siklagi mnaijua. Daudi na watu wake 600 walirudi kutoka safarini wakakuta mji wao umeungua, na wake zao na watoto wao wamechukuliwa na Waamaleki. Wakalia mpaka wakachoka. Kisha wengine wakataka kumpiga Daudi kwa mawe, kwa kuwa ndivyo tulivyo wanadamu: nyumba ikiungua, kwanza twatafuta wa kulaumu. Daudi akamwuliza Mungu, ndipo wakawafuata adui. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, wakabaki hapo na mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakashinda, wakarudi na kila kitu. Hapo baadhi yao wakasema kwamba waliobaki wasipewe kitu ila wake zao na watoto wao tu. Daudi akakataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo wagawane sawasawa. Na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Sisi watu wa njia ya misafara yatupasa kulielewa neno hili kuliko wengi. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walibeba meno ya tembo kwenda pwani wakati wa kiangazi, wakijitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Fikirini basi: wanaume wenye nguvu walikuwa njiani, Ugogo au Bagamoyo, katika miezi ile ile ambayo nyasi za paa na nyasi za porini zilikuwa kavu. Nyumba zililindwa na waliobaki. Na hatari ilikuwa ya kweli. Agosti 1871 watu wa Mirambo walipoingia Tabora, sehemu ya mji iliteketea, na Stanley aliyekuwa Kwihara aliuona moto kwa macho yake. Basi wanaosema siku hizi kwamba vijana wametukimbia na hakuna wa kuzima moto, wanasema kweli, lakini si jambo jipya. Reli ilipofika mwaka 1912 vijana waliondoka kwa gari moshi. Leo wanaondoka kwa basi, kwenda Dar es Salaam, au Geita na Kahama kwenye dhahabu. Nchi ya wapagazi haikupata kuwa na vijana wake wote nyumbani. Neno la kujiuliza ni jinsi tunavyowatendea waliopo.

Hapo hatuna budi kuungama.

Mwaka juzi moto ulipokaribia kanisa la mtaa wetu mmoja, watu walikuja wengi. Vijana waliupiga kwa matawi mabichi. Wazee wawili wanaoujua upepo waliwaonyesha mahali pa kufyeka, na mahali pa kuwasha moto mdogo wa kuupokea ule mkubwa. Akina mama walichota maji kisimani tangu saa kumi jioni hata usiku, wakilowesha paa na kuwanywesha vijana. Mtoto mmoja alipanda baiskeli kwenda kuwaarifu wa mtaa wa pili. Kanisa likapona. Jumapili iliyofuata tuliwaita mbele vijana 12, tukawaombea, tukawapa mikono, wakanywa soda. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao, na hakuna aliyewataja. Hatukukusudia, tulisahau tu. Mwaka jana mwano ulipopigwa, vijana waliofika walikuwa watano, na kisimani hapakuwa na mtu. Mabani mawili ya tumbaku na ghala la mjane mmoja viliungua. Tulipokwenda kumpa pole mjane yule, mama mmoja alituambia kwa upole, “Baba Mchungaji, tulidhani kazi ile ina wenyewe.” Neno hilo tumelala nalo siku nyingi.

Wengine watasema hii ni kazi ya Serikali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, namba yake ni 114, nasi twawasihi mpige mara moja mwonapo moto. Lakini mkoa wetu una kilometa za mraba zaidi ya 76,000. Gari likitoka mjini lina kilometa 70 hivi za kufika Sikonge tu, kabla ya kukamata njia za vijijini, na moto wa nyasi haungoji.

Wengine wametushauri tutoze faini. Wazee wanakumbuka jinsi sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku kwetu na Shinyanga, watu wakijitoa wenyewe kwa ajili ya ng'ombe walioibiwa. Mwano ulipopigwa, kijiji kizima kilitoka. Baadaye, mahali pengine, watu walitoka kwa kuogopa faini kuliko kwa kumhurumia jirani. Na mwenye kuogopa faini hutoka, kweli, ila hutoka wa mwisho na kurudi wa kwanza. Kutoka 22:6 yamtaka aliyewasha moto alipe hasara ya mwenzake. Ni aliyewasha anayetakiwa kulipa. Hatusomi neno lolote hapo juu ya aliyechelewa kuuzima.

Tena, katika habari ya Siklagi yumo mtu tunayempita upesi tukisoma. Ni kijana wa Misri, mtumwa wa Mwamaleki, aliyeachwa porini na bwana wake kwa sababu aliugua. Alikuwa hajala siku tatu. Watu wa Daudi wakampa mkate, maji, tini na zabibu kavu. Naye akakiri kwamba alikuwamo katika kundi lililoichoma Siklagi. Mtu huyo ndiye aliyewaonyesha njia.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Tabora watu milioni 2.29, ya mwaka 2022, milioni 3.39. Wengi ni watoto wetu tuliowazaa, lakini wengi pia ni wageni: Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, wakulima waliofuata tumbaku. Na wale waliotoka Burundi mwaka 1972 wakakaa Ulyankulu, wajukuu wao sasa ni raia wenzetu. Moto ukitokea, mfugaji hutajwa kwanza. Pengine ni yeye kweli. Lakini anayelala porini na mifugo ndiye anayeona moshi kabla yetu sote, na tangu ahamie hakuna aliyekwenda kwake kumwomba msaada. Katika nchi ya Chile wazima moto ni watu wa kujitolea tangu mwaka 1851, walipoanza katika mji wa Valparaíso, na wageni waliohamia mji ule, Wajerumani, Waitalia, Wafaransa, waliunda vikosi vyao. Hawakungoja kwanza kuwa wenyeji. Kwa kuzima moto wakawa wenyeji.

Juu ya posho tuseme kidogo, maana vijana wamelaumiwa sana. Katika misafara posho ilikuwa chakula cha mpagazi, asife njiani. Hakuna msafara ulioona aibu kuitoa. Kijana anayekesha na moto hadi alfajiri akirudi na viatu vilivyoungua, na panga lake limepotea, kisha asipewe hata uji, mwaka ujao atakuwa na safari siku hiyo. Sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wa kiangazi itakuwa kwa ajili ya hayo.

Basi tumepatana hivi na wazee wa kanisa. Kitabu kimefunguliwa, nacho ni kimoja tu: mpiga moto, mchota maji, mpishi, mwenye baiskeli, mzee ajuaye upepo, wote wataandikwa humo, Mkristo na asiye Mkristo. Anayekwenda mjini aseme. Jina lake halitafutwa, litangoja. Wazee wawili watakwenda kambi ya wafugaji wiki hii, nao hawatakwenda na lawama. Jumamosi ijayo, maadamu nyasi bado zina ubichi, tutafyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka kanisa na nyumba za jirani. Mje na majembe na mapanga. Kengele ya moto itapigwa mfululizo bila kukoma, ya ibada itabaki mapigo matatu matatu. Ndoo kumi ziko nyuma ya kanisa, na ufunguo wa kisima tumemwomba autunze yule mama aliyetuambia neno lile. Amekubali.