Sukari ya Chozi

Wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua wakilifyonza hatuna huku Gilgil. Sisi tuna chozi. Si ndugu zao wa karibu. Mdomo mwembamba na tamaa ya utamu ndivyo vinavyowafananisha. Na chozi, akipata pa kutua, hutua kwanza ndipo ale.

Mwaka jana nilitundika chupa nje ya dirisha la jikoni, sukari kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne. Siku ya tatu akaja dume mwenye rangi ya shaba na mkia mrefu. Nikampiga picha, nikaituma kwa kikundi cha familia. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Mama alipotutembelea aliitazama chupa, kisha uwanja.

"Ile mishubiri ya hapa ilienda wapi?"

"Tuliing'oa, Mama. Gari lilikuwa linakwama mvua ikinyesha, ndio tukaweka kabro."

"Kwa hivyo ulimbomolea duka, sasa unamkaribisha chai."

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Ukimrudishia mtu kijisehemu cha ulichomnyang'anya, umempa zawadi? Na kama ni deni, zile sifa nilizozipokea kwenye simu zilikuwa za nini?

Utaniambia ndege hana hati ya shamba. Ni kweli, nami ninayo, iko kabatini. Lakini hati inasema tu hakuna atakayenishtaki. Haisemi kama nimemkosea mtu au la.

Tena hata hiyo chai haiwafikii wote. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha utafiti walioufanya hapa Kenya kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Waligundua kwamba hulinda maua yake pale tu ambapo nguvu anazookoa zinazidi zile anazotumia kufukuza wenzake. Mishubiri yangu ilikuwa imetapakaa uwanja mzima, hakuna aliyeweza kuimiliki yote. Chupa moja ni rahisi kulinda. Dume langu hushinda kwenye kamba ya nguo akiwatimua wengine, na mimi ndiye niliyemfanya tajiri. Halafu makinda ya chozi hulishwa buibui na wadudu, ambao hukaa kwenye maua na majani. Chupa yangu huleta sisimizi, basi.

Mwezi wa nne nilikaa Nairobi wiki mbili. Niliporudi, chupa ilikuwa kavu na kamba haina mtu. Nilimkuta kwa jirani, kwenye mishubiri ambayo yeye hajawahi kuimwagilia hata tone. Nilimwonea wivu huyo jirani, jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu.

Nimeng'oa safu mbili za kabro kando ya ukuta na kupanda machipukizi aliyonipa. Yatachukua muda kutoa maua. Kwa sasa bado naijaza chupa, ila picha nimeacha kutuma. Juzi Mama alipiga simu akauliza kama sukari imebaki ya chai.

"Kidogo," nikamwambia.