Shati Jeupe na Meli ya Maboksi

Nimesita kuandika habari hii, kwa sababu mkosaji mkuu ndani yake ni mimi. Lakini vijana wengi siku hizi wanajaribu kutengeneza katuni nyumbani kwa kamera ndogo ya kompyuta, ile ya kubana juu ya skrini, na kosa letu ni jepesi kurudiwa. Bora nione haya mimi kuliko mwingine apoteze siku zake.

Mpwa wangu anasoma sekondari. Likizo iliyopita alikuja kwangu Ujiji akiwa na wazo la kutengeneza filamu ya vinyago ya dakika moja kuhusu Liemba, meli kongwe ya ziwa letu. Kazi ya namna hii ni ya subira. Unasogeza kinyago kidogo, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga nyingine. Ukizipitisha picha hizo haraka, kinyago kinatembea. Tuliamua sekunde moja iwe na picha 12, kwa hiyo dakika yetu ilihitaji picha 720.

Hadithi ya meli yenyewe watu wa Kigoma tunaijua. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa bara kwa reli na kuunganishwa upya Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini zake grisi nene ili maji yasiziharibu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mpwa wangu aliipenda zaidi sehemu ya grisi. Alifinyanga fundi mdogo wa plastisini na kumpa kopo mkononi.

Tulitandika kitenge cha bluu mezani kiwe ziwa. Meli tuliikata kwenye maboksi. Kamera tuliibana kwenye mgongo wa kiti, karibu na dirisha linalotazama magharibi. Asubuhi mwanga ulitosha. Jioni tuliwasha taa ya dari. Sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Dalili ya kwanza ilikuja siku ile ile. Baada ya picha 30 hivi tulizipitisha kuona meli inavyokwenda. Ilikwenda, lakini ilikuwa ikipepesa, mara inang'aa, mara inafifia, kama balbu inayopata umeme hafifu. Nikasema, “Hayo tutayarekebisha kwenye kompyuta mwishoni.” Msomaji, ukijisikia unatamka maneno hayo, simama. Hiyo ndiyo sentensi iliyotuponza.

Dalili ya pili aliiona mtoto. Siku ya pili nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mpwa wangu akaniambia, “Mjomba, ukisimama karibu na meza, meli inaingia giza. Ukitoka, inarudi.” Nilimjibu kwamba anachelewesha kazi. Kumbe alikuwa ameugusa moyo wa tatizo. Kamera hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya video, kwa hiyo kila wakati zinajipangia mwanga zenyewe. Kikiingia kitu cheupe, kamera inadhani chumba kimekuwa na mwanga mwingi, nayo inapunguza. Kikitoka, inaongeza. Hata rangi hujirekebishia: kitenge chetu kilikuwa bluu asubuhi na kijani kibichi jioni. Kwa mtu anayepiga soga, msaada huo ni mzuri. Kwa anayetaka picha 720 zifanane kama mapacha, ni balaa.

Dalili ya tatu aliileta mzee jirani, mvuvi wa dagaa wa miaka mingi. Alipita alasiri kutusalimu, akatazama meza yetu, akatazama dirisha, ambapo jua lilikuwa likishuka kuelekea milima ya Congo na maji ya ziwa yakiurudisha mwanga wake ndani. Akacheka. “Ninyi mnavua na mwezi,” alisema. Sote tunajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa inayowavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea kila mahali, taa haina nguvu, na mvuvi hubaki nyumbani kushona nyavu. Mzee alikuwa akituambia kwamba taa yetu na jua vilikuwa vikigombania meza moja. Nilimwitikia kwa heshima, nikamkaribisha chai, na sikubadilisha chochote.

Dalili ya nne ilikuwa chenga. Picha za jioni zilijaa vidoti kama televisheni iliyokosa mawimbi. Hiyo ni ishara ya mwanga haba: kamera inaikuza picha hafifu kwa nguvu, na uchafu wake unakuzwa pamoja nayo. Mimi niliilaumu kamera, nikaanza kuulizia bei ya nyingine.

Siku ya nne tulimaliza. Tukawaita watoto wa jirani, tukazima taa, tukaonyesha. Meli ilizama, ikaibuka, na muda wote picha ilikuwa ikimweka. Mtoto mmoja akauliza, “Mbona radi inapiga na mvua hakuna?” Wenzake wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. Usiku ule nilikaa na kompyuta hadi saa nane nikijaribu kusawazisha picha moja moja. Nilipozing'arisha picha zilizofifia, chenga ziliongezeka. Nilipoziondoa chenga, nyuso za plastisini zikawa kama zimepakwa uji. Picha iliyokosa mwanga tangu mwanzo haina cha kuokolewa.

Tulianza upya. Kamera ni ile ile, sikununua nyingine. Tuliziba dirisha kwa blanketi. Taa ya dari tuliiacha imezimwa, tukatumia taa mbili za LED za mezani, tukazielekeza kwenye karatasi nyeupe ili mwanga urudi ukiwa laini. Tulifuta lenzi, ambayo ilikuwa na alama ya kidole chenye mawese. Kisha tukafungua mipangilio ya kamera na kuondoa kila neno “otomatiki”: la mwanga, la rangi, la fokasi. Tuliurefusha muda wa kupokea mwanga na kushusha ukuzaji, maana kinyago hakitikisiki, kamera inaweza kukitazama kwa utulivu. Mpangilio wa umeme tukauweka kwenye 50 Hz, kama umeme wetu Tanzania, ili michirizi ya taa isitokee. Tukatumia ukubwa kamili wa picha ambao kamera inautoa kweli, na kila picha tukaihifadhi peke yake. Kiti tulikiacha; kamera tuliifunga kwa skrubu kwenye ubao.

Hata hapo nilijikwaa tena. Siku moja nilichomoa waya wa kamera ili kuchaji simu. Nilipoirudisha, ilikuwa imesahau mipangilio yote na kurudi kwenye otomatiki. Safari hii tuligundua baada ya picha kumi tu, kwa sababu tulikuwa na desturi mpya: piga kumi, pitisha, tazama, ndipo uendelee. Mipangilio tuliiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Nawasihi wote mnaoanza kazi hii, msikimbilie dukani. Kwanza tazameni mwanga, uwe mmoja na usiobadilika. Pili, kamera isijiamulie chochote. Tatu, kasoro ikionekana kwenye picha ya kumi, irekebisheni kwenye picha ya kumi. Ikifika ya 720, bei yake ni siku nne na machozi ya mtoto.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba funzo lilikuwa mezani petu muda wote. Fundi wetu wa plastisini alishika kopo lake la grisi, akipaka injini kabla maji hayajaingia. Mafundi wale wa 1916 hawakusema watarekebisha meli ikishaibuka. Nilimsogeza fundi yule kwa mkono wangu mwenyewe, kidogo kidogo, na sikumsikia.

Sasa tunaandaa filamu ya pili. Shati jeupe nimelitengea Ijumaa. Hata hivyo, kila ninapoingia chumbani, mpwa wangu hunisimamisha mlangoni na kunitazama kifuani kabla hajaniruhusu kupita.