Kabla Gunia Halijafungwa

Jumanne

Soma Mwanzo 1:29. Mambo ya Walawi 19:9, 10 na Mathayo 7:9–11. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu chakula alichokikusudia Mungu, na kuhusu wajibu wa wale wanaokigawa?

Kabla dhambi haijaingia duniani, Muumba alikuwa amekwisha kumwandalia mwanadamu mbegu na matunda ya miti. Baada ya gharika nyama iliruhusiwa (Mwanzo 9:3), lakini matunda hayakuondolewa mezani.

Karatu imebarikiwa. Maparachichi, mapapai, mapera na ndizi hustawi huko. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wamelea watoto wao kwa vizazi vingi kwa ubuyu na matunda ya porini. Hata hivyo, hutokea matunda mazuri yakapakiwa yote kwenda sokoni, na mtoto akaenda shuleni na andazi na chai ya rangi tumboni. Kuuza si dhambi. Sare na dawa zinahitaji fedha. Swali ni hili: je, mtoto alihesabiwa kabla gunia halijafungwa?

Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto anayekula makande shuleni hufaidika zaidi akiwa na pera kwenye mfuko wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za matunda na mboga kwa siku. Ndizi asubuhi na pera mchana ni mwanzo mwema, wala havihitaji fedha nyingi.

Lakini yuko mama mwingine, juu zaidi kwenye barabara hiyo hiyo. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, naye hawezi kupanda hata mpapai mmoja uani. Mungu aliwaagiza Israeli wasichume zabibu zote, ili maskini na mgeni wapate sehemu yao. Sehemu hiyo haikuwa hisani ya mwenye shamba. Ilikuwa haki iliyowekwa na Bwana. Mwenye miti ana deni kwa jirani asiyeruhusiwa kupanda.

Yohana 6:9 inamtaja mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Haisemi ni nani aliyemwandalia. Lakini chakula hicho kidogo, kilipowekwa mikononi mwa Yesu, kililisha maelfu.

Jadilianeni: Katika msimu huu, ni matunda gani yanayotoka shambani bila watoto wa nyumba kuyaonja? Darasa lenu linaweza kutenga nini kila juma kwa ajili ya mtoto ambaye kwao hakuna mti?