Mkono wa Pili

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii naisikia kwenye kichen pati, kwenye arobaini, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa shule, na karibu kila mara inasemwa kwa kumsifia mtu: bibi aliyekuja kutoka mkoani, shangazi, jirani mwema. Sijawahi kuisikia ikisemwa kwa kumtaja dada wa kazi. Lakini kwa akina mama wengi ninaowafahamu hapa Dar es Salaam, mimi nikiwemo, mkono wa pili ni wake.

Kuna swali ambalo huwa tunalizunguka, na leo naomba tuliulize wazi. Mtu anayemlea mwanangu ili mimi niende kazini ananidai nini? Mshahara peke yake? Au kuna kitu kingine, na kama kipo, kinalipwaje?

Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Miezi 6 ni kama siku 180. Toa 84, zinabaki 96 hivi. Sheria inajua kuna pengo, ndiyo maana inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku kwa kazi hiyo. Sasa muulize anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta hizo saa 2 zinaishia wapi. Zinaishia barabarani. Kwa hiyo maziwa yanakamuliwa usiku, yanawekwa kwenye friji, na asubuhi anabaki mtu wa kuyapasha kwenye maji ya moto na kumnywesha mtoto kwa kikombe. Baba naye, sheria inampa siku 3.

Dada wetu alikuja kwangu akiwa na miaka 22. Kwao ni Singida. Ana mtoto wa kiume wa miaka 4 ambaye analelewa na bibi yake huko huko. Ananiita kwa jina la mwanangu, Mama Fulani, nami namwita dada. Yeye ndiye aliyemwona mwanangu akipiga hatua ya kwanza. Nilikuwa chumba cha habari, akanipigia simu, nikafurahi sana. Jioni nilimuuliza wa kwake alianza kutembea mbele ya nani. Akajibu huku anaendelea kukunja nguo, “Kutembea nilikuwepo, Mama Fulani. Kuongea ndiyo kulinipita.”

Jibu hilo lilinifanya nione mnyororo mzima. Mimi naandika habari kwa sababu yeye yupo kwangu. Yeye yupo kwangu kwa sababu mama yake yupo Singida, analima na analea mjukuu. Mkono wa pili nao una mkono wake wa pili, na yule wa mwisho kabisa halipwi hata senti.

Fasihi yetu pia imezoea kumpita mtu huyu. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, akamwachia binti yake wosia wa namna ya kuishi. Wengi wetu tumeusoma na kubishana kuhusu mke na mume: utii ni nini, unafaa au haufai. Niliporudi kuusoma nikiwa mama, nilikwama kwingine, pale anapomwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ni jambo dogo tu, linapita haraka. Lakini linatuambia kwamba ndani ya nyumba ile iliyotupa wosia maarufu kuliko wote wa mama kwa mwana, walikuwemo wanawake wengine. Nao walizaliwa na mama zao. Wosia wao hatuna.

Sifananishi utumwa na ajira, tuelewane. Dada wetu anaweza kufungasha begi kesho akaondoka, na mtumwa hakuwa na uwezo huo. Ninachosema ni kwamba tabia ya kusimulia umama kana kwamba ndani ya nyumba kuna mama na mtoto tu ni ya zamani, na sisi wasomi wa leo tumeirithi bila kuikagua.

Ukiwauliza watu swali langu, utapata majibu mawili. La kwanza: “Huyu kwetu ni ndugu.” Anakula tunachokula, Idi au Krismasi anashonewa kama wengine. Jibu hili lina wema wa kweli ndani yake, silidharau. Shida ni kwamba undugu huu unakumbukwa zaidi kazi inapozidi. Wageni wakija usiku, yeye ndugu. Mshahara ukichelewa, avumilie, si ni ndugu? Lakini Jumapili akisema anataka kutoka, ghafla anageuka mfanyakazi anayepaswa kuomba ruhusa.

La pili: “Ni ajira, namlipa.” Hili lina heshima yake pia, kwa sababu linakubali kwamba kulea ni kazi. Ila tazama kazi yenyewe inavyopimwa. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyeishi kwa mwajiri, na 40,000 kwa anayeishi humo. Viwango vimepandishwa tangu hapo, lakini hebu angalia mantiki: kitanda na chakula vimehesabiwa kama sehemu ya malipo. Wakati anayelala ndani ndiye anayeamshwa saa nane usiku mtoto akichemka homa! Tena usiku huo hatutaki tu awepo. Tunataka ahangaike kwa moyo. Hakuna mama anayeajiri mtu wa kumlisha mwanawe huku akitumaini kwamba mtu huyo hatampenda. Tunalipia muda, halafu tunategemea upendo, na upendo haumo kwenye makubaliano.

Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay aliliandikia jambo hili katika kitabu chake Love's Labor cha mwaka 1999. Yeye ni mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa, ambaye amelelewa pia kwa mikono ya mwanamke aliyeajiriwa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kila mtu ni mtoto wa mama fulani, na kwamba anayemhudumia asiyejiweza hujikuta naye amepungukiwa, kwa sababu muda na nguvu zake vimeenda kwa mwingine. Kwa hiyo lazima awepo wa kumhudumia mhudumu. Anaiita kanuni hiyo doulia, kutokana na jina la mwanamke anayemtunza mzazi ili mzazi amtunze mtoto.

Nilipolisoma nilitabasamu, maana sisi tunalo hilo tangu enzi. Ni arobaini. Mama akijifungua, mama yake au shangazi anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji na mtori, anamwambia lala mwanangu, mtoto niachie mimi. Hakuna anayeona mzazi anadekezwa. Kila mtu anaelewa kwamba anayelea lazima naye alelewe. Kosa letu ni kudhani kanuni hiyo inaisha siku ya 40, na inamhusu aliyezaa peke yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ananidai vyote viwili, na kimoja hakifuti kingine. Ananidai ajira iliyo wazi: karatasi yenye mshahara na tarehe, na siku yake ya mapumziko. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unataja mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na kwamba wakati huo mfanyakazi halazimiki kubaki nyumbani kwa mwajiri. Baada ya hapo ananidai kile ambacho arobaini inanifundisha: kwamba nimuulize mwanawe anaendeleaje kabla sijauliza wangu amekula nini, na kwamba simu yake ya jioni kwenda Singida isikatishwe na vyombo.

Najua kuna mama anayesoma hapa ambaye mshahara wake mwenyewe haufiki tarehe 20. Simlaumu. Tena naona si haki deni lote hili kuwekwa kati ya wanawake wawili jikoni, huku mwajiri mwenye siku zake 84 na baba mwenye siku zake 3 wamekaa pembeni wakisubiri chai. Baba hawezi kunyonyesha, sawa. Kukanda homa anaweza.

Januari mtoto wa Singida anaanza darasa la awali, na mama yake anataka ampeleke mwenyewe siku ya kwanza. Ataondoka kwa wiki 2, kwa malipo yake. Kwetu kikakaliwa kikao: nani atabaki na mtoto? Baba Fulani ameomba likizo yake ya mwaka. Juzi nilimkuta jikoni anamuuliza dada uji unapikwaje usishike mabonge, na dada anamwelekeza taratibu, kama mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu.